Bosi anataka testi zote ziwe za skripti, sisi testa wa mkono tufanyeje? Naomba ushauri

bintiwamajaribio:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni testa kwenye kampuni moja hapa Dar, tuna app ya mikopo midogo na malipo ya simu, jina tuliache. Amekuja bosi mpya upande wa teknolojia na mpango wake ni kwamba hadi mwaka uishe testi zote ziwe otomesheni, yaani kompyuta ipime app yenyewe, madevelopa wataandika skripti za kuiongoza wenyewe, na testa wa kukaa na simu anabonyezabonyeza hatahitajika tena. Sipingi otomesheni na wala siogopi kujifunza, Selenium, ile zana ya kupima tovuti kwa skripti, naijua kidogo, ila kuna kitu kinaniuma na nikiwa kikaoni nashindwa kukieleza kikaeleweka.

Bagi nzito, yaani makosa ya programu, tulizokamata karibuni skripti zilikuwa zinazipita, kila kitu kijani, maana yake testi zimepasi. Moja, mteja anabonyeza Lipa, mtandao unakata, kiduara kinazunguka tu, anabonyeza tena, hela inakatwa mara mbili. Skripti inabonyeza mara moja inasubiri mpaka jibu lije, lakini mtu yuko kaunta ya duka na foleni iko nyuma yake hawezi kusubiri hivyo. Nyingine ni meseji ya kukumbusha deni, mfumo ulikusudia saa nane mchana ukaandika "lipa kabla ya saa 2:00", mteja akaelewa saa mbili usiku kama mtu yeyote wa hapa, akalipa jioni akapigwa faini. Skripti ililinganisha maandishi na yale yaliyotegemewa, yamefanana, imepasi.

Sasa nihamie kabisa kwenye kuandika skripti au nipambanie hii kazi ya mkono? Na bosi nimwambie nini, maana yeye anataka namba.

kodi_usiku:
Dada pole. Mimi ni developa, kujifunza kuandika kodi za programu jifunze, hilo halina mjadala. Kila toleo jipya likitoka kuna vitu vilevile vya kuangalia, kuingia, kubadili neno la siri, salio, hesabu ya riba, sasa kumrudisha mtu mzima kwenye hayo kila wiki ni kumchosha bure, akifika katikati macho yanaangalia ila haoni. Hiyo Selenium yenyewe Jason Huggins aliianzisha 2004 akiwa ThoughtWorks kwa sababu alichoka kupima kwa mkono mfumo wao wa ndani wa kujazia saa za kazi na matumizi. Kwenye marudio bosi wako yuko sahihi, usibishane naye hapo.

mzee_wa_QA:
Nakubaliana na kodi_usiku kwenye marudio tu. Skripti inajibu swali ambalo mtu ameshaliuliza, inalijibu haraka na haichoki, lakini swali ambalo hakuna aliyeliwaza haliwezi kutoka kwenye skripti.

Mnakumbuka 19 Julai 2024, CrowdStrike walivyosambaza faili la kusasisha programu yao ya ulinzi, kompyuta za Windows kama milioni 8.5 zikaanguka, ndege zikasitishwa, hospitali zikakwama? Ripoti yao wenyewe inafundisha sana. Kiolezo cha ile data kilitaja sehemu 21, programu iliyoko kwenye kompyuta ilikuwa inaleta 20 tu. Testi zilikuwepo na zilipasi, na mafaili ya miezi ya nyuma yalifanya kazi vizuri, kwa sababu ile sehemu ya 21 siku zote iliwekwa alama ya "chochote sawa" kwa hiyo hakuna kilichokwenda kuisoma. Siku hiyo ikawekwa thamani halisi, programu ikaenda kusoma mahali pasipokuwepo kwenye memori, mashine chini. Na kihakiki cha otomatiki kilichotakiwa kuzuia nacho kiliamini sehemu ni 21, kikapitisha.

kodi_usiku:
Mkuu huo mfano hata otomesheni ingeukamata, wangewasha lile faili kwenye kompyuta moja halisi kabla ya kusambaza dunia nzima wangeiona inaanguka.

mzee_wa_QA:
Kweli kabisa. Ila nani angeagiza hiyo testi iandikwe? Lazima awepo mtu ambaye kazi yake ni kukaa na kujiuliza "hii sehemu hatujawahi kuijaza kitu, tukiijaza inakuwaje". Hiyo ndiyo kazi ya dada yetu na ndiyo bosi anataka kuifuta bila kujua kama ipo.

Dada, tatizo lenu nadhani ni kwamba kazi yenu haionekani. Skripti inatoa ripoti, nyie mnatoa maneno. Jaribuni vipindi, Jonathan na James Bach waliuandika huu utaratibu mwaka 2000, unachukua kama dakika 90 bila kusumbuliwa, unaandika mwanzoni unachunguza nini, mfano "malipo mtandao unapokatika", unachunguza tu hilo, unaandika ulichogusa, ulichokuta na maswali yaliyobaki. Mwisho wa mwezi bosi anapata namba zake, vipindi vingapi, bagi zipi, na ipi kati ya hizo ingegusa hela ya mteja.

mjuba254:
Niko Nairobi, tulipitia hii. Walijaza testi za skrini, zile zinazobonyeza app kama mtu, mpaka zikawa hazibebeki, zingine zinafeli asubuhi zinapasi mchana na hakuna mtu amegusa kodi, watu wakazoea kurudia tu mpaka iwe kijani. Siku bagi ya ukweli ilikuja wakarudia pia, ikapasi mara ya tatu, ikaenda kwa wateja.

Hiyo bagi yako ya kulipa mara mbili mshaikamata nyinyi, sasa iandikie skripti kwa API, ule mlango ambao mifumo inaongea yenyewe kwa yenyewe, si kwa skrini. Tuma ombi moja lenye namba moja ya muamala mara mbili zikifuatana, hela ikatwe mara moja tu. Ifanye ya kwanza kabisa, halafu umwonyeshe bosi ilitoka wapi.

kaka_ajira:
Mimi nasema tafuta kazi kwingine mapema, bosi wa hivyo ameshaamua.

bintiwamajaribio:
Asanteni sana. Kaka_ajira nimekusikia ila sitoki kabla sijajaribu, wateja wetu wengi ni mama lishe na bodaboda, elfu kumi ikikatwa mara mbili hiyo ni mtaji wa kesho. Ntaanza na ile skripti ya mjuba254 wiki hii, na vipindi ntawaomba wenzangu tugawane. Swali moja mzee wangu, vipindi vya mwanzo tuchunguze wapi?

mzee_wa_QA:
Acheni simu za ofisi na wifi. Chukueni simu ya bei ya chini ambayo memori imejaa picha, laini mbili, namba iliyosajiliwa kwenye app iwe kwenye laini ya pili. Bando liishe katikati ya kulipa. Simu ipigwe wakati mtu anaingiza PIN. Namba mtu aandike kwa 07, mwingine kwa 255, mwingine kwa +255 na nafasi katikati, muone kama mfumo unamjua ni mtu yuleyule. Kama mna menyu ya USSD, chelewesheni jibu mpaka ikate yenyewe halafu angalieni salio. Na meseji zote zenye saa mpeni mtu asiye wa ofisini azisome kwa sauti awaambie atalipa saa ngapi.