Mpingo halisi unatambulikaje, na kwa nini hupasuka?

Bahari_Tulivu:
Ndugu wanajukwaa, nimenunua kinyago ambacho muuzaji alinihakikishia kuwa ni cha mpingo. Ni cheusi tii, lakini wepesi wake umenitia shaka. Je, mtu asiye fundi anaweza kuutambua mti huu kwa dalili zipi, na kwa nini baadhi ya vinyago hupasuka baada ya muda?

Fundi_Tezo:
Weusi peke yake si ushahidi, kwa kuwa mti wowote ukipakwa dawa ya viatu na kusuguliwa vizuri utang'aa vivyo hivyo. Mpingo ni mzito kuliko maji, na kipande chake hata kikiwa kikavu huzama. Hata hivyo usikiloweke kinyago chako, kipime kwa mkono tu. Kipindue uangalie kitako, ambako msasa na rangi havifiki sana: kiini halisi kina weusi unaoelekea zambarau, wenye michirizi, na pembeni huenda ukaona ukanda mwembamba wa rangi ya manjano hafifu, ambao ni mti wa nje. Ukikwaruza sehemu nyeusi kwa ncha ya kisu pakatokea weupe, umeuziwa rangi.

Kuhusu nyufa, mti huu hukauka polepole mno, na ncha za gogo hupoteza maji kabla ya katikati. Ndiyo maana ncha hizo hupakwa nta na magogo kuwekwa kivulini. Kinyago kilichochongwa kikiwa kibichi, kisha kikawekwa juani au kwenye kiyoyozi, kitapasuka tu.

Mwana_Kilwa:
Niongeze kwamba soko la nje huutaka zaidi kwa klarineti na obo, yaani ala za muziki za kupulizwa, kwa sababu unakubali kukerezwa kwa vipimo vidogo sana na hauharibiwi upesi na unyevu wa pumzi. Tatizo ni kwamba shina lake ni fupi, limepinda na mara nyingi lina uwazi ndani, hivyo sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa mabaki, ilhali mti wenyewe huchukua miaka 70 hadi 100 kukomaa. Huku kwetu Kilwa baadhi ya misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha kuwa msitu unavunwa bila kuharibiwa, jambo ambalo kwa maoni yangu lilistahili kuigwa mapema zaidi.

Bahari_Tulivu:
Ahsanteni. Nimekwaruza kitako: ndani ni cheupe kabisa.

Fundi_Tezo:
Pole. Ukinunua kingine, omba uoneshwe kabla hakijapakwa kitu chochote.