Kukata ukoka uliolowa

Mkazi wa Tukuyu: Ndugu zangu, mvua za Machi hapa kwetu hazitoi nafasi, na ukoka umefika magotini, je, naweza kuukata kwa mashine ungali umelowa?

Fundi, Mbeya: Subiri hadi alasiri ikiwezekana, kwa sababu majani yaliyolowa hulala badala ya kusimama, huganda chini ya mashine kama ukoko wa ugali sufuriani, na magurudumu huchimba udongo. Kabla ya kuyakwangua, zima injini na uchomoe waya wa plagi. Mashine ya umeme usiiguse kabisa.

Mama wa Iringa: Ukilazimika, pandisha kisu, ukate theluthi moja tu ya urefu wa majani, kisha ukusanye mabonge kwa reki. Mimi hutumia fyekeo, ingawa mgongo hulalamika.

Mkazi wa Tukuyu: Nashukuru, kwenye mteremko nitafyeka.