Vibanda vya chakula Bangkok: naagizaje bila nguruwe na bila kamba?

BintiTui
Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao mimi na dada yangu tunakwenda Bangkok, hoteli iko Pratunam. Sitaki kushinda kwenye mgahawa wa hoteli. Nataka vile vibanda vya barabarani vyenye viti vya plastiki. Shida ni kwamba mimi sili nguruwe, na dada akionja kamba tu midomo inamvimba. Kithai hatujui hata salamu. Mtu akifika pale anasemaje, analipaje? Na kile kikapu cha vichupa juu ya kila meza ni cha nini? Wale wa kunitisha na habari za kuharisha naomba wapumzike kwanza.

MzeeWaVito
Binti, umeuliza kwa mtu wake. Mimi ni dalali wa mawe. Wikiendi huwa soko la vito Chanthaburi, siku nyingine Bangkok, na chakula changu ni cha vibandani toka asubuhi hadi usiku. Kanuni yangu ni moja: kaa kwa anayepika kitu kimoja. Mwenye menyu ya picha sitini anapika kila kitu kwenye karai lile lile, nyama ya nguruwe imetoka sasa hivi, yako inaingia.

Ukiona kuku waliochemshwa wananing'inia nyuma ya kioo, hapo ni khao man gai. Wali umepikwa kwa supu na mafuta ya kuku, juu vipande vya kuku, pembeni matango, kibakuli cha supu, na sosi ya tangawizi, pilipili na soya iliyochachushwa. Asili yake ni Wachina wa kisiwa cha Hainan. Hapo hapo Pratunam kuna duka lake maarufu, wahudumu wanavaa fulana za waridi. Foleni inatisha lakini inakwenda.

Ila kama nguruwe huli kwa ajili ya dini, kuku wa pale si wa kuchinjwa kwa halali. Tafuta khao mok gai: wali wa manjano uliopikwa pamoja na kuku, juu vitunguu vya kukaanga, na sosi ya kijani yenye utamu na uchachu kwa mbali. Wapikaji karibu wote ni Waislamu wa huko huko, na kibandani utaona mwezi na nyota au alama ya halali. Ukipata Ijumaa, nenda msikiti wa Haroon, mtaa wa Charoen Krung. Baada ya swala utakula mpaka uombe kiti cha kuegemea.

Tahadhari na tambi za supu. Hata ukikuta vidonge vya samaki tu ndani ya bakuli, supu yenyewe mara nyingi ni mifupa ya nguruwe. Kusema "mai sai mu kha" (msinitilie nguruwe) kunaondoa nyama, hakuondoi supu.

Vichupa sasa. Viko vinne: sukari, pilipili kavu ya kusaga, siki yenye pilipili, na sosi ya samaki yenye pilipili. Ni vya tambi hasa. Mpishi anakuletea bakuli akijua utalimalizia mwenyewe, kwa hiyo onja kwanza, halafu tia kidogo kidogo. Ndiyo, hata sukari kwenye supu. Usicheke, jaribu na siki.

Kijiko mkono wa kulia, uma wa kushoto. Uma unasukuma chakula kwenye kijiko, hauingii mdomoni. Vijiti ni vya tambi za supu. Mgeni anayeomba vijiti ale wali anawachekesha wenyeji, ingawa hawatakuonyesha.

Utalipa ukishakula, unaita "kep tang kha". Sahani ya kawaida baht 50 hadi 70. Wenyeji wanalipa kwa simu, wewe beba noti za 20, 50 na 100. Kumpa mama wa watu noti ya 1,000 saa moja asubuhi si uungwana.

PilipiliHoho
Mzee kamjibu binti vizuri, dada kamsahau. Dada huyo ndiye wa kuangalia sana. Kamba wa kuonekana ni rahisi kumkwepa. Kazi ni yule asiyeonekana. Som tam, yaani papai bichi linalopondwa kwenye kinu, ina uduvi. Hata ukisema usitiwe, mchi na kinu ni vile vile vilivyotoka kuponda uduvi wa mteja aliyetangulia. Pad thai nayo ina uduvi. Rojo ya kari, ile ya mchaichai, khulinjani na pilipili, kwa kawaida imepondwa na kapi, ambayo ni uduvi uliochachushwa, na tui la nazi linaificha kabisa. Kwa hiyo vile vibanda vya masufuria kumi ambapo unaonyesha kwa kidole, dada apite tu.

Mwambieni mtu wa mapokezi hotelini awaandikie kwenye karatasi, kwa herufi za Kithai, kwamba dada anadhurika na kamba, uduvi na kapi. Kwa mdomo ni "phae kung", lakini Kithai kina toni tano, yaani sauti ikipanda au kushuka neno linabadilika maana, na sisi hatuziwezi. Karatasi haikosei toni. Na dawa yake iwe mkobani, si hotelini.

MzeeWaVito
Hapo nakubali, kinu cha som tam sikukifikiria. Binti, wewe ukiila peke yako, taja idadi ya pilipili. Inua kidole kimoja: "phrik met diao". Kusema "mai phet", yaani isiwe kali, kila mpishi ana kipimo chake.

KakaMizigo
Mkipitia Singapore mambo ni mepesi zaidi: vibanda viko chini ya paa moja, na vya halali vina alama yake. Pakiti ya tishu juu ya meza maana yake meza ina mwenyewe, msikae. Na trei mnarudisha wenyewe, tangu 2021 kuiacha mezani ni kosa kisheria.

BintiTui
Asanteni sana, nimeshachapisha haya yote. Barafu je? Joto lile sitaweza kunywa chai ya moto.

MzeeWaVito
Ile ya mche wenye tundu katikati hutoka kiwandani, mimi nakunywa. Iliyopondwa kutoka kwenye bonge, naiacha. Na ukiagiza cha yen, ile chai ya rangi ya machungwa yenye maziwa, sema "wan noi" wapunguze sukari. Hata hivyo itakuwa tamu.