Mama yuko kwenye dawa za saratani, ametokwa na mkanda wa jeshi. Naomba ushauri

Mwana_Kiwira:
Habarini wakuu. Mama ana miaka 61, tuko Kiwira. Anatibiwa saratani ya titi, dripu ya tatu alitundikiwa wiki iliyopita. Jumamosi alianza kulalamika ubavu wa kushoto unawaka, tukadhani ni hii baridi. Jana usiku vikatoka vipele vya maji vimeshikana, kutoka mgongoni hadi chini ya titi, upande mmoja tu. Hata kanga ikimgusa anaruka. Majirani wanasema mkanda ukizunguka ukakutana, mtu anakufa. Nifanyeje?

Kaka_Uyole:
Pole sana mkuu. Bibi yangu alipakwa majivu ya mgomba akapona. Anzeni na hayo.

Nesi_Makambako:
Hapana kaka. Majivu kwenye vidonda vya mtu ambaye kinga imeshuka yatamletea maambukizi mengine.

Mwenye uzi, hicho ni kirusi kilekile cha tetekuwanga. Ukishapona hakitoki mwilini, hujificha kwenye neva pembeni ya uti wa mgongo, na chembe nyeupe za damu hukibana kisiinuke. Dawa za saratani huua chembe zinazogawanyika haraka, kwa hiyo uboho unaotengeneza chembe nyeupe nao huumia. Kinga ikilegea, kirusi huamka na kufuata neva hadi kwenye ngozi. Ndiyo maana maumivu yalitangulia, na vipele vimefuata njia ya neva upande mmoja. Habari ya kukutana na kufa si kweli. Cha kuogopa kwa mama ni vikitawanyika mwilini au vikifika jichoni.

Dawa ni asaiklovia, na inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Mama huenda akahitaji ya sindano, msiishie duka la dawa. Nendeni hospitali leo na kadi yake ya saratani, na wanaomtibu wajue kabla ya dripu nyingine. Wakitaka kumpima VVU msishtuke, mwenye mkanda hupimwa. Akipata homa, hata usiku wa manane mpelekeni.

Mama_Tunduma:
Maumivu nayo msiyadharau. Mimi vipele vilikauka, ubavu ukaendelea kuwaka miezi mingi, panado haigusi, maana neva yenyewe ilijeruhiwa. Amitriptilini ya usiku niliyoandikiwa na daktari ndiyo ilinipa usingizi. Mama aseme mapema, asijikaze.

Mwana_Kiwira:
Asanteni mno, gari limepatikana, tunaelekea Mbeya. Ila mke wangu ni mjamzito, hajui kama aliwahi kuugua tetekuwanga, na ndiye anayemwogesha mama.

Nesi_Makambako:
Aache kwanza. Amwogeshe shangazi au dada aliyewahi kuugua. Maji ya vile vipele yanaweza kumpa mkeo tetekuwanga, na kwa mjamzito si ugonjwa mdogo. Vifunikwe kwa kitambaa safi hadi vyote viote magamba. Na mkeo leo hii akaeleze kliniki ya wajawazito, asisubiri tarehe yake.