Bendi yetu ya roki inaenda Ulaya: shoo 11 ndani ya siku 14, tubebe nini na tuishi vipi barabarani?

NyuziSita:
Wadau, habari za jioni. Sisi ni bendi ya watu wanne kutoka Nairobi: magitaa mawili, besi na dramu. Mpiga gitaa la kwanza ndiye mwimbaji. Tumealikwa kuifungulia bendi moja ya Ujerumani kuanzia tarehe 20 Oktoba hadi 2 Novemba: Hamburg, Berlin, Leipzig, Dresden, halafu Vienna, München, Zürich, Stuttgart, tunamalizia Köln na miji midogo ya jirani. Kila shoo tunapewa dakika 30. Wenyeji watatuazima mapipa ya dramu na spika za magitaa. Gari ni la kukodi, la watu tisa, na tutaendesha wenyewe. Fundi mitambo wetu anakuja pia, kwa hiyo tuko watano.

Viza bado hatujaomba. Fulana 120 za kuuza tunataka kuziprinti huku nyumbani kwa sababu bei ni nafuu. Naomba ushauri wa vitu halisi: vyombo, umeme, chakula, usingizi, mipaka. Tafadhali msiniambie "mtafurahia".

FundiWaJukwaa:
Karibu mkuu. Naanza na vyombo.

Gitaa liende kwenye kasha gumu, si mfuko wa kitambaa. Kinachovunjika ni shingo, pale inapokutana na kichwa, hasa kwa magitaa ambayo kichwa kimeinama nyuma. Kasha likianguka chali, kichwa kinabaki hewani na uzito wote unaishia pale. Jaza soksi au fulana chini ya kichwa, juu yake na pembeni mwa mwili wa gitaa, hadi ukitikisa kasha usisikie kitu kikicheza ndani. Kasha la kawaida hukaribia au huzidi ule ukomo wa sentimita 158 za urefu, upana na kina vikijumlishwa, kwa hiyo pigia shirika la ndege kabla ya kukata tiketi. Ukishakata, huna la kujadiliana nao.

Umeme wa Ujerumani ni volti 230, hezi 50. Wetu ni 240, hezi 50. Hakuna haja ya transfoma, tofauti ni plagi tu. Badala ya kununua adapta kumi zitakazopotea, chukua ekstensheni moja ya matundu manne ya kwetu, kata plagi yake ya miguu mitatu, funga plagi ya Kijerumani. Waya wa kahawia na wa bluu kila mmoja kwenye mguu wake (kule plagi huingia upande wowote, hivyo hazina kulia wala kushoto), wa kijani na njano kwenye bamba la ethi. Hakikisha kile kibano kinabana ganda la nje la kebo, si nyaya zenyewe. Kumbuka plagi yetu ina fyuzi ndani na ya kule haina, kwa hiyo ekstensheni hiyo ni ya pedali za gitaa na chaja, si ya birika wala pasi. Kwa Zürich nunueni adapta nyingine, maana matundu ya Uswisi ni ya aina yake na plagi ya Kijerumani haiingii.

Mkisikia mvumo kwenye spika, msikate wala kufunika mguu wa ethi. Mvumo mara nyingi ni ethi mbili zinazozungukana kupitia kebo ya sauti. Kwa besi, bonyeza swichi ya kuinua ethi kwenye kile kisanduku cha DI, kinachopeleka sauti ya besi kwenye mitambo ya ukumbi. Kwa magitaa, chomekeni pedali na ampu (kikuza sauti) kwenye chanzo kimoja cha umeme.

Nyuzi: mtu anayetoka jasho jingi abadilishe kila baada ya shoo mbili au tatu. Kila mpiga gitaa abebe seti 5 na nyuzi za kwanza tatu za ziada. Besi, seti moja ya akiba inatosha.

Kijiti5B:
Dramu: "mapipa" maana yake ni mapipa tu. Wewe unakwenda na sneya yako (ile dramu ndogo yenye nyaya chini), pedali ya mguu, matoazi yote, vijiti, na kiti kama una mgongo mbaya. Matoazi manne matano pamoja na mkoba wake ni kilo 8 hadi 10, na stendi usibebe. Beba vitu ambavyo hakuna anayekumbuka kukuazima: vifuniko vya plastiki vya kwenye stendi za matoazi, vile vipande vya kitambaa kizito cha kukalia toazi, nati za kipepeo 4, ufunguo wa dramu 2, ngozi moja ya sneya ya inchi 14, na kamba za kufungia nyaya za sneya. Toazi likikaa juu ya chuma kitupu linaanza kupasuka kuanzia tundu la katikati.

Vijiti jozi 12. Uliza pia kama kuna zulia la mita 2 kwa 2. Bila zulia, pipa la besi linakimbia mbele na dakika 30 zinaisha ukilivuta.

NyuziSita:
Asanteni sana. Swali kwa FundiWaJukwaa: spika tunaazimwa, lakini kichwa cha ampu cha taa (kile chenye vali za kioo) tunakodi Hamburg. Kuna la kuangalia?

FundiWaJukwaa:
Ndiyo, na hapa ndipo watu huunguza ampu za wenyewe.

Nyuma ya spika kumeandikwa omu: 4, 8 au 16. Nyuma ya kichwa cha ampu kuna swichi au matundu yenye namba hizo hizo. Zifanane. Kisha tumia kebo ya spika, siyo ya gitaa. Kwa nje zinafanana kabisa, lakini ya gitaa ina uzi mwembamba katikati na haikutengenezwa kupitisha nguvu ile. Weka utepe mwekundu kwenye kebo ya spika mkiwa bado Hamburg. Na ampu ya taa isiwashwe kamwe kama spika haijachomekwa, maana nguvu ikikosa pa kwenda inarudi kwenye transfoma ya kutolea na kuiunguza.

Jambo la pili ni baridi. Ampu ikikaa garini usiku wa Oktoba kisha ikaingizwa ukumbini kwenye joto, unyevu unatuama juu ya chuma kama kwenye chupa ya soda. Iache nusu saa ndipo uwashe. Magitaa nayo yakae ndani ya kasha lililofungwa nusu saa, halafu ndipo utyuni. Vinginevyo utatyuni mara nne.

Na wewe au fundi wenu mtume mchoro wa jukwaa na orodha ya chaneli (kila sauti inayoingia kwenye mitambo) wiki mbili kabla. Kwa bendi yenu ni chaneli 12: besi dramu, sneya, haihati, tomu mbili, maiki mbili za juu, besi, magitaa mawili, sauti mbili. Ukurasa mmoja. Hakuna anayesoma wa pili.

ShangaziWaForodha:
Mwanangu, fulana 120 usizitoe Nairobi. Mali ya kuuza haihesabiwi kama mzigo wa abiria, hata ukiigawa kwenye mabegi matano. Utatakiwa kuitangaza na kulipa ushuru na VAT uwanjani, na sanduku linaweza kuzuiliwa huku shoo ya kwanza ni kesho. Tumeni mchoro Ujerumani, ziprintiwe huko, zipelekwe ukumbi wa Hamburg. Zitakuwa ghali kidogo kwa kipande, lakini pia mmeokoa zaidi ya kilo 20 za ndege.

Vyombo vyenu ni hadithi nyingine. Andikeni orodha: kitu, chapa, siriali namba, thamani. Pitieni kwa forodha ya uwanja wa ndege wa JKIA kabla ya kukabidhi mizigo, waikague na kuigonga muhuri. Orodha hiyo ndiyo itakayowatetea mkirudi, mtu asidai mmenunua magitaa mapya nje.

Uswisi imo kwenye Schengen, kwa hiyo viza ni ile ile, lakini haimo kwenye umoja wa forodha wa Ulaya. Kutoka München mkienda Zürich mnavuka mpaka wa forodha kweli. Fulana za kuuza lazima zitangazwe kama mali ya biashara na zilipiwe VAT ya 8.1%, na madirisha ya mizigo ya biashara hayako wazi usiku kucha wala wikendi yote. Kwa shoo moja, fulana ziacheni kwa promota wa München azitume Stuttgart, au bebeni chache na mzitangaze mchana. Usipite kimya ukitegemea bahati. Gari lenye watu watano waliovaa nyeusi litasimamishwa tu.

Viza: mnaomba Ujerumani kwa sababu ndiko mtakakokaa siku nyingi. Ada ni euro 90, bima ya afya isiwe chini ya euro 30,000, pasipoti ibaki na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya kutoka na kurasa mbili tupu. Mnaweza kuwasilisha hadi miezi sita kabla, mwisho siku 15. Andikeni wazi kwamba mnakwenda kupiga muziki, na promota wa kila nchi, pamoja na wa Austria na wa Uswisi, atoe barua na athibitishe kibali cha kazi cha kwao. Viza ya Schengen ni ya kuingia, si kibali cha kazi kila mahali.

Kodi: Ujerumani humkata msanii wa nje 15% pamoja na nyongeza ya mshikamano, jumla 15.825%. Malipo yasiyozidi euro 250 kwa msanii kwa shoo moja hayakatwi. Kwa hiyo mkataba uonyeshe mgao wa kila mmoja, usiandikwe jumla ya bendi peke yake.

DerevaWaUsiku:
Niongee gari.

Leseni ya kawaida inatosha kwa gari la watu tisa lisilozidi tani 3.5, lakini chukueni kibali cha kimataifa cha udereva kwa AA (chama cha wenye magari) hapo Nairobi kabla hamjaondoka. Madereva wawili waandikwe kwenye mkataba wa kukodi. Barabara za kasi za Czech (mtapita Prague kutoka Dresden kwenda Vienna), Austria na Uswisi zinadai vinyeti (vibali vya kulipia barabara), kila nchi na yake. Ya Uswisi ni faranga 40 kwa mwaka mzima, hawauzi ya siku moja.

Mpige hesabu kwa kilomita 80 kwa saa, siyo 130. Dresden hadi Vienna ni kama kilomita 470, hiyo ni saa sita na vituo. Ile siku msiweke kitu kingine chochote. Dereva apumzike dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu. Sheria hiyo ni ya malori, lakini mwili haujui tofauti.

Siku yenyewe inakuwa hivi. Mnafika ukumbini saa kumi jioni. Bendi kuu inajaribu sauti kwanza, nyinyi mwisho, kwa dakika 15 au 20, na vyombo vyenu vinabaki mbele ya vyao. Saa moja mnakula. Milango saa mbili, nyinyi mbili na nusu, saa tatu kamili mmeshuka na jukwaa liwe tupu ndani ya dakika 10. Halafu mnasubiri hadi saa sita usiku ili mpakie, na huo ndio muda unaoua watu. Dereva wa kesho aende kulala saa tatu na nusu, asihesabiwe kwenye kupakia. Ukimfanya mwungwana wa kubeba spika, kesho mnaye dereva aliyepata usingizi wa saa nne tu.

Kupakia: vizito chini, vikiegemea ukuta wa viti, vifungwe mikanda. Hakuna kitu kilegevu juu ya usawa wa migongo ya viti, maana ukikanyaga breki toazi linakuwa panga. Usiku rudisheni gari kinyumenyume hadi mlango wa nyuma ukaribie ukuta, na magitaa yalale chumbani.

Tena: Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudi nyuma. Mkianza ziara mtakuwa saa moja nyuma ya Nairobi, mkimaliza saa mbili. Simu itajibadilisha, saa ya gari la kukodi huenda isijibadilishe.

Besi_na_Bakora:
Kwa hiyo ni matatu bila makanga.

GitaaLaMzee:
FundiWaJukwaa hakusema: legezeni nyuzi zote kabla ya kupanda ndege. Zote kabisa.

FundiWaJukwaa:
Hapana mzee wangu, hapo nakupinga kwa heshima. Ukilegeza kabisa, chuma cha ndani ya shingo kinabaki kikivuta peke yake na shingo inapinda upande wa pili. Shusha toni moja, basi. Linalookoa shingo ni zile soksi chini ya kichwa.

MwalimuWaSauti:
Mwimbaji wenu asisahaulike. Ndege na hita za vyumbani zinakausha koo. Maji lita mbili kwa siku, kidogo kidogo. Maji ya bomba Ujerumani ni ya kunywa. Avute mvuke wa maji moto dakika 10 asubuhi na dakika 10 baada ya shoo. Asali ni tamu lakini haifiki kwenye nyuzi za sauti, inapita njia ya chakula. Akipoteza sauti asinong'one, kunong'ona kunachosha. Anyamaze. Na asile saa sita usiku kisha akalala chali, asidi ikipanda ndiyo inayomkwaruza asubuhi.

Kinachomaliza sauti zaidi ni kuzungumza kwa kelele mezani mkiuza fulana. Kazi hiyo mpeni mpiga besi.

Wote vaeni vizibo vya masikio, hata mkiwa mmeshuka. Kwenye desibeli 100, dakika 15 ndizo salama, na bendi kuu itapiga zaidi ya saa nzima mkiwa mmesimama pembeni.

NyuziSita:
Mmenisaidia sana. Fulana nimeshafuta oda, na ada za viza tunaanza kuchanga. La mwisho: chakula, na nguo za jukwaani zinafuliwa lini?

DerevaWaUsiku:
Ukumbi kwa kawaida hutoa mlo mmoja moto au pesa ya kula. Iandikwe kwenye mkataba, na mtaje kama kuna asiyekula nguruwe. Jumapili maduka ya Ujerumani yamefungwa, na tarehe 1 Novemba ni sikukuu Austria na kusini na magharibi mwa Ujerumani, Köln ikiwemo, kwa hiyo nunueni mkate, ndizi na karanga siku moja kabla. Chupa za plastiki za vinywaji msitupe, zile za kutumika mara moja zina amana ya senti 25 dukani. Vyoo vya barabara kuu ni euro 1, wekeni sarafu kwenye kikombe cha gari.

Fulana ya jukwaani: ifue kwenye sinki la hoteli ukirudi, ikunje ndani ya taulo kavu, ikanyage kwa miguu dakika moja, itundike. Asubuhi imekauka. Isiingie begini ikiwa mbichi hata kama mmechelewa, itundike kwenye dirisha la nyuma.

Kijiti5B:
Siyo dirisha la dereva.