Nimechoka kuitwa mla vyura! Mlichokula Paris hata Wafaransa wenyewe hawakigusi

Wakuu, habari za usiku.

Nimetoka kazini saa sita usiku, miguu inawaka moto, nikafungua simu angalau nipumzishe akili. Kundi la familia lina meseji 84. Kumbe kuna video ya binamu yangu yuko Paris, amenyanyua konokono kwenye uma, anasema: "Jamani, hawa watu njaa iliwahi kuwapiga vibaya." Chini yake mashangazi wanacheka hadi basi, na mmoja ananigeukia mimi: "Na wewe mla vyura, huko ndiyo unakula hivyo? Rudi nyumbani mwanangu."

Nipo Lyon, hapa Ufaransa, mwaka wa saba sasa, nafanya kazi jikoni kwenye mgahawa. Nilianza na kusugua masufuria, leo nakata, nachemsha, na supu naachiwa mwenyewe. Kwa hiyo povu hili nina haki nalo. Mods naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la vichekesho.

Binamu na mkewe wana siku nne Paris. Kabla hawajapanda ndege nilimpigia, nikamwambia mambo mawili tu: usile mahali ambapo mtu anasimama mlangoni kuita wateja, na usile mahali ambapo menyu ina picha. Akajibu "sawa sawa". Wakashuka, wakaenda moja kwa moja kwenye mgahawa wa mtaa wa watalii, mlangoni kuna mpiga debe kama Ubungo enzi za stendi, menyu ya picha kwa lugha sita.

Wakaketi saa kumi jioni. Ningekuwepo ningewashika mkono tuondoke. Huku majiko mengi yanafungwa saa nane mchana na kuwashwa tena jioni. Zipo braseri zinazopika mchana kutwa, sikatai, ila hiyo haikuwa mojawapo. Waliletewa nyama ya ng'ombe ya mvinyo mwekundu, ile ya Bourgogne. Mchuzi huo hata sisi tunaupika tangu jana yake, ukilala unakuwa mtamu zaidi, kwa hiyo siwalaumu kwa kuupasha. Lakini shemeji anasema pembeni ulikuwa unaunguza ulimi na katikati baridi. Huo ni mfuko wa plastiki uliopita kwenye maikrowevu, hakuna cha kubishana.

Supu ya vitunguu ndiyo imeniuma zaidi, maana ndiyo kazi yangu. Wakuu, ile supu ni chakula cha watu wa sokoni. Paris ilipokuwa na soko lake kuu pale Les Halles, kabla halijahamishiwa Rungis, nje ya jiji, mwaka 1969, wabeba mizigo na wachuuzi waliinywa alfajiri wapate nguvu. Haina kitu cha kifahari: vitunguu, siagi, mchuzi wa mifupa, mkate mkavu, jibini juu. Gharama yake ni muda. Vitunguu vinakaa kwenye moto mdogo saa nzima na zaidi, unageuza, unageuza, mpaka vinakuwa rangi ya asali iliyoiva bila kuungua. Ukiharakisha vinaungua, na supu nzima inakuwa chungu. Binamu kapewa maji ya kahawia yenye chumvi na kipande cha mkate kinachoelea. Halafu anaandika "supu ya Wafaransa haina ladha". Ya nani?!

Bili: supu mbili 28, konokono sita 16, nyama sahani mbili 54, maji ya chupa 8. Na mhudumu akawaambia huduma haimo, wakaongeza 10. Jumla euro 116. Wizi mtupu! Ufaransa bei ya kwenye menyu kisheria huduma imo tayari. Na maji ya bomba ni bure mgahawani, unasema tu "une carafe d'eau", wanakuletea jagi, na mkate hawakudai senti. Tangu 2014 kuna hata alama ya vyakula vilivyopikwa hapohapo, sufuria lenye mfuniko kama paa la nyumba, imeandikwa "fait maison". Nimemwomba anitumie picha ya menyu. Haina hata sufuria moja.

Sasa vyura. Miaka saba hii, mgahawani kwetu sijawahi kuona hata mguu wa chura. Wanaowala kweli wapo, tena si mbali na hapa, kaskazini ya Lyon kwenye nchi ya mabwawa inayoitwa Dombes, huko ni chakula cha sifa, kwa siagi na vitunguu saumu. Ila kukamata vyura wa porini kwa biashara serikali ilishapiga marufuku, kwa hiyo miguu mingi inaletwa ikiwa imegandishwa kutoka Indonesia. Mfaransa wa kawaida anaweza kumaliza mwaka mzima bila kumgusa chura. Konokono nao wengi wanawala Krismasi, basi.

Na mnajua hili jina la "vyura" tumelitoa wapi? Kwa Waingereza. Wao ndio waliowabatiza Wafaransa hivyo, na Wafaransa wakawajibu kwa kuwaita "rosbif", yaani nyama ya kuoka. Ni ugomvi wa majirani wa ng'ambo ya mlango wa bahari. Sisi tumerithi tusi la watu pamoja na vitabu vya shule, halafu tunaliimba kama la kwetu.

Tena sisi ni watu wa Bukoba! Binamu huyuhuyu, mwezi wa kumi na moja akikosa senene anakuwa kama mgonjwa. Ananyonyoa mabawa na miguu, anakaanga, anatembea nao kwenye bahasha anatafuna kama karanga ofisini Dar. Huyo ndiye anamcheka mtu mwenye konokono. Na nyie wengine mnaoanza siku na supu ya utumbo na kongoro, mngekuja Lyon mngejisikia nyumbani. Kuna kitu hapa kinaitwa "tablier de sapeur": utumbo wa ng'ombe, ile sehemu yenye vishimo kama sega la nyuki, unalowekwa kwenye mvinyo mweupe, unapakwa chenga za mkate, unakaangwa. Wazee wanakula hicho mchana na kurudi kazini. Mbona hakuna anayepiga video?

Chakula wanachopika majumbani ni hiki: nyama ya ng'ombe iliyochemshwa taratibu na karoti, viazi na liki, mchuzi unanywewa pembeni. Wanaita "pot-au-feu". Mimi naita mchemsho. Kule Toulouse na Castelnaudary ni maharage meupe na nyama ya bata na soseji, na ugomvi wa nani alianza hauishi. Bretagne wanakula chapati nyembamba za unga mweusi wa nafaka inayoitwa buckwheat. Marseille samaki. Hata croissant mnayopigia picha na Mnara wa Eiffel asili yake ni Vienna, Mwaustria August Zang ndiye aliyefungua duka la mikate ya kwao Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, na mpaka leo jamii hiyo ya mikate wanaiita "viennoiserie".

Halafu kuna jamaa tunafanya naye kazi, mzaliwa wa Mayotte, kile kisiwa cha karibu na Comoro. Mayotte ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, pasipoti yake sawa na ya rais. Yeye anaongea Kishimaore, lugha ya kwao, mimi Kiswahili, tunasikilizana nusu kwa nusu. Siku moja alileta chakula cha mama yake, anakiita "mataba". Nikafungua bakuli: kisamvu cha nazi! Hicho nacho kinapikwa Ufaransa, wakuu. Pigeni video hiyo.

NYONGEZA (Jumapili asubuhi):

Mkuu uliyesema nimelishwa limbwata na Wafaransa, nimekusoma.

Uliyeuliza kuhusu UNESCO, ndiyo, 2010 waliingiza mlo wa Kifaransa kwenye orodha yao ya urithi wa utamaduni, ila soma vizuri: walichoandikisha ni ule utaratibu wa kukaa mezani kwa sherehe, kitangulizi, chakula kikuu, jibini, kitamu cha mwisho, watu wanaongea saa tatu. Hakuna konokono pale. Mkate wa baguette uliingia 2022.

Binamu ameuona uzi. Kanuna kidogo, kisha akaniuliza kama anaweza kuja Lyon leo kwa treni, ni kama saa mbili kutoka Paris. Nimemwambia aje. Shida mgahawa wetu Jumapili na Jumatatu tunafunga, kwa hiyo atakula kwangu. Nimeshabandika dengu za kijani na soseji. Shemeji ameuliza kama na ndizi zipo.