Nilicheka watu waliokufa kwenye molasi, na roho inanisuta

MuuzaPumba_Iringa

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vyakula vya mifugo hapa Iringa, na molasi, ile shira nzito ya miwa, naijua kwa mikono yangu: nikimpimia mteja lita tano, viatu vinanata hadi nafunga duka. Juzi kijana wangu wa dukani alinisomea kwenye simu habari ya Boston, Marekani. Tarehe 15 Januari 1919, saa sita na nusu mchana, tangi la molasi lilipasuka. Lilikuwa na urefu wa mita 15, na ndani yake lita zaidi ya milioni 8. Likatoka wimbi la kufunika nyumba, likashuka mtaani kwa mwendo wa kilomita 56 kwa saa. Watu wazima wanakimbizwa na molasi! Mimi ambaye naisubiri itoke kwenye dumu hadi nasinzia, nilicheka nikashika kaunta. Mteja aliyekuwa anachagua pumba tukamsomea naye, akacheka.

Kijana akaendelea kusoma. Waliokufa 21. Majeruhi 150. Farasi walinasa, kadiri wanavyojitikisa ndivyo wanavyozama. Wawili kati ya waliokufa ni watoto wa miaka 10.

Mteja alilipa akaondoka bila kuaga. Nyumbani mke wangu kaniambia nimecheka maiti. Tangu hapo sina raha. Nilikosea?

Kaka_Mkubwa

Umekosea ndugu yangu. Mimi nimezika mwanangu. Kifo hakina kichekesho.

BintiMngoni

Kaka Mkubwa, pole sana, Mungu akutie nguvu.

MuuzaPumba, kama wewe ni Mhehe, basi unamuuliza mtani wako. Babu zetu walichinjana, sisi leo tunataniana, na utani wenyewe hunoga msibani. Nimeona bibi yangu akivaa koti la marehemu na kutembea kwa mwendo wake, mkongojo na kikohozi vilevile, wafiwa wakalia na kucheka kwa pamoja. Hakuna aliyemkasirikia. Lakini bibi huyohuyo alikuwa ameamka alfajiri kuchota maji ya msiba, na wanawe ndio walioshika majembe kaburini. Mtani hucheka akiwa amefika.

Kwa hiyo mimi sikulaumu kwa kucheka. Nakuomba tu usiiachie habari katikati. Hilo tangi lilikuwa linavuja tangu zamani, watoto wa mtaani wakikinga molasi kwenye vikopo. Kampuni ilifanya nini? Ikalipaka rangi ya kahawia, rangi ya molasi yenyewe, mvujo usionekane! Lilipopasuka ikadai ni bomu la waasi. Kesi ikaburuzwa hadi 1925 ndipo ikaonekana kosa ni la kampuni. Hapo kwenye rangi ndipo mimi ningecheka, tena kwa sauti, wenye tangi wasikie.

MuuzaPumba_Iringa

Dada, ahsante. Ni Mhehe kabisa. Kaka Mkubwa, nisamehe, sikujua.

Umenikumbusha maziko ya baba. Jeneza limefika, mzee mmoja wa Kingoni akashuka kaburini akalala chali, anasema shimo hili zuri, hatoki hadi alipwe. Mama alikuwa hajafungua kinywa siku tatu. Alicheka, kisha akaomba uji. Nilikuwa na miaka 14, na ule uji ndio ulionipa matumaini kwamba yeye atabaki.

Leo asubuhi nimemwambia kijana aisome upya yote, tukaanzia kwenye rangi. Tulikaa tukiifikiria ile rangi muda mrefu. Kisha akaniuliza wale watoto wawili walifuata nini pale chini ya tangi. Nikatafuta. Walikuwa wanaokota kuni za nyumbani.

Kaka_Mkubwa

Nimekusamehe. Molasi unauzaje kwa dumu?